Atapangiwa Kazi Nyingine

Siku baba mkwe wangu alipoondolewa kwenye ukuu wa mkoa, mie nilikuwa kwenye kikao cha harusi ya binti wa jirani, hapa hapa Kimara, tunabishana kuhusu rangi ya sare. Mweka hazina wa kikao alikuwa anachezea simu. Akasoma kitu, akanitazama, akasoma tena, kisha akanisogezea simu juu ya meza. Lilikuwa tangazo fupi. Uteuzi wa baba ulikuwa umetenguliwa kuanzia siku ile, na mwishoni kulikuwa na sentensi moja ambayo ilikuja kuishi nyumbani kwangu kama mpangaji asiyelipa: atapangiwa kazi nyingine.

Nilitoka nje nikampigia mume wangu. Alikuwa Mtwara, ambako kampuni yao ilikuwa inajenga barabara.

"Nimeona," alisema.

"Umeongea naye?"

"Hapokei."

"Sasa atakwenda wapi? Pale anapokaa si nyumba ya serikali?"

Akanyamaza. Nimeolewa na mtu huyu muda wa kutosha kujua kunyamaza kwake kuna maana gani. Nikarudi kikaoni nikakubali rangi ya kwanza waliyonitajia.

Baba alikuwa na nyumba yake Mbezi, si mbali na stendi ya Luis, lakini alikuwa ameipangisha na wapangaji walikuwa na mkataba. Mama mkwe alikuwa kwao Lindi, kwenye mikorosho yake, na alikuwa na msimamo wake. Nilipompigia kumpa pole alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Nimehamahama na huyu mtu tangu nikiwa msichana. Sufuria zangu nyingine sijui ziko mkoa gani. Akitaka kuniona, anajua njia ya huku."

Kwa hiyo alikuja kwetu. Alifika asubuhi na gari la kukodi, amevaa suti ya kijivu, na masanduku mengi kuliko kabati tulilokuwa nalo. Nilimpokea getini.

"Shikamoo baba. Pole na safari."

"Marahaba mama. Ni wiki mbili tatu tu. Wameshasema nitapangiwa kazi nyingine, kwa hiyo sitaki kuwasumbua."

Alisema vile kwa moyo mweupe, na mie nikamwamini. Nilikuwa bado sijajua kwamba ile ni sentensi wanayowekewa wengi, kama mtu anavyosema karibu tena.

Niseme kwanza alikuwa nani, ili hasira zangu zisije zikamfanya aonekane mtu wa hovyo. Alizaliwa kusini, mtoto wa fundi wa kuchonga vinyago aliyekuwa anauza kazi zake kwa madalali. Alisoma ualimu, akafundisha shule ya msingi, na huko ndiko alikogundua kwamba ana sauti. Hakuhitaji kipaza sauti kutuliza uwanja mzima wa watoto. Wakubwa wa chama wakamwona, akapelekwa kwenye mafunzo, akawa katibu tarafa, akapanda mpaka ukuu wa wilaya, akahamishwa wilaya moja baada ya nyingine, mwisho akapewa mkoa. Hakuiba. Hilo nalisema bila kusita, kwa sababu nimeona alivyorudi na nguo zake tu. Mabweni ya wasichana aliyoyasimamia huko alikokuwa nimeyaona kwa macho yangu, yamesimama mpaka leo na yana maji. Alikuwa anaamka alfajiri na kwenda kuyakagua mwenyewe, akipanda mpaka juu ya paa.

Shida ni kwamba pale Kimara hakukuwa na bweni la kukagua. Kulikuwa na mie.

Ilianza na choo cha wageni. Kilikuwa kinavuja kidogo kwenye kiungo cha bomba, nacho kilikuwa kimevuja hivyo tangu kabla mtoto wetu wa pili hajazaliwa. Asubuhi ya kwanza baba aliniita sebuleni. Alikuwa amekaa kwenye kochi la mtu mmoja, lile linalotazama mlango, na dada wa kazi amesimama mbele yake na mikono nyuma.

"Mama, nimepata taarifa kwamba choo kinavuja."

"Ndiyo baba, tunajua."

"Mnajua. Na mmechukua hatua gani?"

Nilikuwa nimevaa viatu, nina funguo mkononi, foleni ya Ubungo inanisubiri. Nafanya kazi maabara kwenye kiwanda cha sabuni Chang'ombe, na kutoka Kimara hadi kule mtu akichelewa kidogo tu kutoka, siku nzima imeharibika. Nikamwambia tutamwita fundi.

"Lini?"

"Jumamosi, baba."

"Nitafuatilia," akasema, na dada akaruhusiwa kuondoka.

Kuanzia hapo tukawa na kikao kila asubuhi. Watoto walipenda, kwa sababu babu aliwapa vyeo. Mkubwa alikuwa afisa elimu wa nyumba, mdogo afisa mifugo kwa sababu ya kuku wawili tuliokuwa nao. Walitoa taarifa zao huku wanakunywa uji. Mie ndiye sikuwa na taarifa ya kutosha. Kwa nini taa ya nje inawaka mpaka saa moja asubuhi? Kwa nini gesi imeisha kabla ya mwezi? Nani anahusika na majani yanayoziba mfereji? Nilijibu kama mtu anayejibu polisi. Nikimpigia mume wangu kulalamika, ananiambia, "Mvumilie, ndivyo alivyo," kwa sauti ya mtu aliye Mtwara.

Siku moja nilimuuliza mume wangu kwa nini yeye anaweza kumkwepa hivyo. Alikuwa amekuja mapumziko, tumekaa uani tunamenya machungwa.

"Kidato cha nne," akasema, "baba alikuja kwenye mahafali yetu. Mgeni rasmi. Akatoa hotuba nzuri sana, watu wakapiga makofi. Zamu yangu ilipofika nikapanda jukwaani, akanipa cheti, akanishika mkono, akasema, 'Hongera sana kijana, ongeza bidii.' Kama alivyomwambia aliyenitangulia na aliyenifuata. Halafu akaondoka kabla ya chakula, alikuwa na ziara."

"Labda aliona aibu kukupendelea."

"Labda." Akatema kokwa. "Nilikaa na mkuu wa shule, nikala wali wa mgeni rasmi."

Baada ya hapo nilipunguza kumlaumu mume wangu. Lakini hasira zangu hazikuwa zimepungua, zilikuwa zimehama tu, kama wanavyohamishwa wakuu wa wilaya.

Nina gari dogo la milango minne, la kwenda kazini na kurudi. Jumamosi moja baba aliomba nimpeleke Mbezi akaone nyumba yake, halafu twende mjini ana watu wa kuonana nao. Nilitoa gari, nikamfungulia mlango wa mbele. Akapita, akafungua mlango wa nyuma, akakaa nyuma kushoto, akafunga mkanda, akafungua gazeti. Nilisimama pale na mlango wa mbele wazi. Jirani yetu, bibi wa Kizaramo ambaye nyumba yake ilikuwepo kabla ya barabara ya lami, alikuwa anafagia mbele ya geti lake. Akaacha kufagia.

Nilimwendesha hivyo mpaka Mbezi. Pale stendi kuna watu wanaonifahamu, maana nanunua mboga pale mara kwa mara. Kijana mmoja wa bodaboda akaniambia dirishani, "Sista, siku hizi unafanya taksi?" Nikatabasamu kwa meno tu.

Tukiwa tunarudi kutoka mjini nikaegesha pembeni, Kimara Mwisho, nikazima injini.

"Baba, naomba ukae mbele."

Akashusha gazeti. "Kuna nini?"

"Hamna kitu. Mie ni mke wa mwanao. Ukikaa nyuma watu wanadhani mie dereva."

Alinitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Sidhani kama alikuwa amekasirika. Nafikiri lilikuwa jambo ambalo halijawahi kumpitia kichwani, kwamba kiti cha nyuma kinamfanyia kitu aliyekaa mbele. Akashuka, akazunguka, akakaa mbele. Hakujua pa kuweka magoti. Tulifika nyumbani, na kesho yake kwenye kikao hakuniuliza swali hata moja. Niliona nimeshinda, na nikajisikia vibaya siku nzima.

Watu aliokuwa anakwenda kuwaona mjini hawakuwepo. Kila safari walikuwa hawapo. Wengine walikuwa wanafunzi wake wa zamani, wengine alikuwa amewasaidia kupata nafasi zao. Simu ziliita mpaka zikakata. Au zilipokelewa na kijana mwenye heshima sana aliyesema mheshimiwa yuko kwenye kikao. Baba alikuwa anajua kikao ni nini, alikuwa amewajibu watu hivyo hivyo kwa miaka mingi. Aliweka simu chini taratibu na kusema, "Yuko kwenye kikao," kana kwamba anatupa habari njema.

Kilichomkondesha zaidi si cheo. Ni kwamba hakujua kosa lake. Hakuna aliyewahi kumwambia. Hakuitwa, hakuonywa, hakuandikiwa. Alisikia kama tulivyosikia sie. Kwa hiyo alikuwa anatafuta mwenyewe, na alikuwa ananitumia mie kama baraza la kuchunguza. Nikiwa naosha vyombo alikuwa anakuja kusimama mlangoni.

"Unadhani ni lile hema?"

"Hema gani, baba?"

"Lililoanguka mvua iliponyesha. Ule uzinduzi wa zahanati. Waziri alilowa."

"Waziri alikasirika?"

"Alicheka. Lakini kuna watu wanacheka."

Siku nyingine ilikuwa hotuba aliyoisoma ndefu mno mbele ya wageni. Siku nyingine alihisi ni mfanyabiashara fulani ambaye yeye alimnyima kiwanja. Siku nyingine tena alirudi kwenye hema. Mwanzoni nilikuwa nampa moyo. Baadaye nikawa nasema "Labda, baba," bila kugeuka, mikono kwenye povu. Mtu anaweza kuchoka hata huruma.

Na kila majina mapya yalipotangazwa, yale ambayo watu wanayaita mkeka, nyumba nzima ilisimama. Hakuna anayejua mkeka utatoka lini, kwa hiyo baba alikuwa tayari wakati wote. Suti moja ilikuwa imepigwa pasi na kutundikwa mlangoni kwake. Simu aliingia nayo mpaka bafuni, ameifunga kwenye mfuko wa plastiki. Wiki mbili tatu zikawa miezi, miezi ikapita masika, ikapita baridi. Wapangaji wa Mbezi mkataba ukaisha, wakaomba kuendelea, na baba akawakubalia, kwa sababu hakuna haja ya kuwasumbua watu wakati yeye anaondoka muda wowote. Hilo aliniambia baada ya kuwakubalia. Nilikwenda chumbani nikauma mto.

Halafu ikafika Jumamosi ile.

Nilikuwa uani nafua. Nikasikia simu ya baba inaita, ikakatika, ikaita tena, ikafuatiwa na ya kwangu. Alikuwa wifi yangu wa Temeke. "Wifi, mmeona? Mzee karudi. Mkuu wa mkoa." Akanitumia ujumbe ambao naye alitumiwa. Ilikuwa orodha iliyonakiliwa kwa mkono na mtu fulani, majina mawili mawili na mikoa yao, na la nne lilikuwa jina la baba, la kwanza na la ukoo, halina hata herufi moja iliyokosewa.

Sijui kama nilifurahi kwa ajili yake au kwa ajili ya sebule yangu. Nilikimbia ndani na mikono ya sabuni. Baba alikuwa amesimama katikati ya chumba, simu sikioni, anasema, "Tunamshukuru Mungu. Tunamshukuru Mungu. Ni majukumu makubwa." Macho yake yalikuwa mekundu.

Simu hazikukatika tena. Wale wote waliokuwa kwenye vikao vikao vyao vikaisha kwa wakati mmoja. Watu niliokuwa nawasikia majina tu walikuja na magari yao mpaka getini, wengine na zawadi, mmoja na mbuzi mzima amefungwa kwenye buti. Nilimtuma dada sokoni, nikawaita majirani wawili, tukainjika pilau kwenye masufuria ya kuazima. Bibi wa Kizaramo akaja mwenyewe bila kuitwa, akakaa kwenye kigoda akawa anachambua mchele huku anatuelekeza.

Baba alishavaa ile suti. Sebuleni kulijaa mpaka watu wakakaa kwenye mikono ya makochi, na yeye akasimama akaanza kuzungumza. Sauti ile ambayo tulikuwa tunaisikia ikiuliza habari za gesi, sasa ilikuwa imepata watu wa kuisikiliza. Alikuwa anawaeleza vipaumbele vyake. Elimu kwanza, maji pili. Nikiwa jikoni nilijikuta nasikiliza, na nikakiri moyoni kwamba anajua kusema.

Ndipo mume wangu akanitumia tangazo lenyewe, lile rasmi, kurasa zote. Hakuandika chochote chini yake. Nililifungua nikiwa na mwiko mkononi. Jina la nne lilikuwa limeandikwa kwa ukamilifu wake, majina matatu, na la katikati halikuwa la babu yetu mchonga vinyago. Chini yake kulikuwa na maelezo: kabla ya uteuzi huo alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu.

Nilimpigia.

"Si yeye," nikasema.

"Najua."

"Nyumba imejaa watu. Kuna mbuzi. Mpigie umwambie."

"Hatapokea, ana simu nyingi. Mwambie wewe. Wewe anakusikiliza."

Miaka yote hiyo sijawahi kutamani kumpiga mtu kupitia simu kama siku hiyo. Bibi wa Kizaramo alikuwa ananitazama. "Kuna nini, mwanangu?" Nikamweleza kwa sauti ya chini. Akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua mchele uliokuwa umeshachambuliwa.

Nilikwenda mpaka mlango wa sebule. "Baba, samahani. Naomba nikuone kidogo."

"Sema tu mama, hawa ni watu wangu."

"Naomba uje, baba."

Alikuja huku anatabasamu. Tulisimama kwenye korido, pale penye ndoo na mifagio, nikampa simu. Akavaa miwani. Akasoma toka juu, jina moja moja, kwa kidole, kama mwalimu anayesahihisha. Alipofika pale kidole kikasimama.

"Mhadhiri," akasema.

"Ndiyo, baba. Pole."

Alivua miwani akaifuta kwa tai. Nilidhani atakwenda chumbani kwake, na nilikuwa nimeshaanza kupanga nitawaambia nini wageni. Lakini alinirudishia simu, akafunga kifungo cha koti, akarudi sebuleni. Nikamsikia anasema, kwa sauti ile ile:

"Ndugu zangu, nimeletewa taarifa kamili. Aliyeteuliwa ni mwenzangu tunayefanana majina. Ni mtu msomi, tumwombee. Chakula kipo tayari, naomba tule."

Halafu mtu mmoja akakohoa, na wote wakaanza kuongea pamoja, juu ya jua na foleni. Walikula haraka, wengine wamesimama. Yule mwenye mbuzi aliondoka bila kuaga, na mbuzi akabaki amefungwa kwenye mpapai wetu. Kabla alasiri haijaisha sebule ilikuwa tupu, sahani ziko kila mahali. Aliyebaki ni bibi wa Kizaramo, kwenye kochi, anakula sahani ya pili polepole.

"Bibi, hukuondoka na wenzako," baba akamwambia.

"Mie sikuja kwa cheo chako," akajibu. "Nilikuja kula pilau. Kaa na wewe ule, suti haiwezi kukushibisha."

Baba akakaa. Akala. Niliwaacha pale nikaenda kufungulia bomba, nikaosha sufuria moja muda mrefu sana.

Jumapili alfajiri alikuwa ameshaamka, anakagua mfereji. Kikao kilifanyika kama kawaida. Aliniuliza kwa nini mbuzi amekula maua. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mbuzi ni wake, amuulize yeye. Watoto wakaacha kunywa uji. Nikaondoka mezani nikaenda nyuma ya nyumba nikampigia mama mkwe nikamwambia kila kitu, sikubakiza hata habari za choo, na nikalia kwenye simu kama mtoto. Hakunikatiza. Mwisho akauliza basi la Lindi siku hizi linashusha wapi.

Nilimpokea Mbagala. Alikuwa na begi dogo na kiroba cha korosho. Njiani alilala. Alipoingia ndani baba alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu nikamwona hajui aweke wapi mikono.

"Umekonda," mama akasema.

"Safari yako?"

"Ndefu. Kaa chini."

Nilitaka kuwapisha, mama akaniambia nikae, kwa kuwa mie ndiye niliyekuwa naye muda wote. Baba alianza kumweleza. Hema. Hotuba. Kiwanja. Alimweleza kwa mpangilio mzuri, kila moja na ushahidi wake. Mama alikuwa anabangua korosho na kuziweka kwenye kisahani.

"Umemaliza?" akauliza.

"Unadhani ni lipi?"

"Mie nadhani hakuna lolote. Walihitaji nafasi, wakakutoa. Hawakukaa kukufikiria kiasi hicho. Wewe ndiye umekaa unawafikiria wao."

"Watu hawaondolewi bila sababu."

"Na ulipowekwa, ulijua sababu?"

Mama akamsogezea kisahani.

"Wapangaji wako waambie watafute nyumba. Huyu binti wa watu umemchosha."

Nikasema, "Hapana mama, hajanichosha." Ulikuwa uongo wa adabu, na wote watatu tulijua.

Haikuwa rahisi kama ninavyosimulia. Aligoma. Alisema akihamia Mbezi na simu ikaja ataonekana ameshakata tamaa. Walinuniana, wakalala vyumba tofauti, mama akagombana naye hata juu ya namna ya kukunja nguo. Mume wangu alikuja mwisho wa wiki, na safari hii hakukimbia. Alikaa na baba yake kibarazani mchana kutwa. Sikusikia walichosema, isipokuwa mara moja nilipopeleka maji nikamkuta baba anauliza, "Kidato cha nne? Shule ipi?" na mume wangu anamtajia shule, na baba ameinamisha kichwa anajaribu kukumbuka. Sina uhakika kama alikumbuka. Mume wangu hajaniambia.

Wapangaji waliondoka kiangazi kilipoisha. Tulikodi fuso moja, masanduku yote yakaenda, na mbuzi pia. Nilidhani nyumba itakuwa kubwa na tulivu. Ilikuwa hivyo, ingawa mtoto wangu mdogo aliniuliza kwa siku kadhaa atampa nani taarifa ya kuku.

Mtaani kwao Mbezi wana kisima cha pamoja na tangi kubwa, na kuna kamati ya maji. Baba alikwenda kwenye mkutano wa kwanza akitarajia kuombwa uenyekiti. Mwenyekiti alikuwepo tayari, mwanamke mwenye duka la mitungi ya gesi, naye alimkaribisha vizuri, akampa nafasi ya kujitambulisha, na alipofika kwenye mabweni akamwambia, "Asante mzee, muda." Akachaguliwa kuwa mjumbe wa kawaida. Mama alinipigia kunieleza, anacheka mpaka anakohoa. Baba naye alinipigia, hakucheka. Alisema yule mama hana utaratibu wa kuendesha vikao na kwamba atajiuzulu. Hajajiuzulu.

Sasa ananipigia kazini. Nimemwomba mara nyingi asinipigie saa za kazi, na kila mara anasema "Nimekuelewa." Wiki iliyopita nilikuwa napima sampuli, simu ikaita mara tatu mfululizo. Nikapokea nikijua ni malalamiko.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nina swali. Ile klorini ya tangi, mtu anatia kiasi gani?"

"Inategemea ukubwa wa tangi na nguvu ya dawa yenyewe. Kwa nini?"

"Mie nilimwambia mwenyekiti itiwe ndoo nzima. Amekataa. Amesema nikuulize."

"Baba, ndoo nzima mngeumiza watu matumbo."

"Basi nieleze polepole," akasema. "Haya mambo mie siyaelewi."

Niliweka chupa chini. Toka niingie kwenye familia yake sikuwahi kumsikia anasema haelewi kitu. Nikamweleza namna ya kupima ujazo wa tangi, namna ya kusoma maandishi ya kwenye kopo, muda wa kusubiri kabla watu hawajaanza kuchota. Alirudia kila hatua. Alipokosea nilimsahihisha, naye akairudia tena, bila kuniuliza imechukuliwa hatua gani wala nani anahusika.

"Nimekuelewa, mama. Asante sana."

"Haya baba, ngoja nirudi kazini."

"Subiri kidogo. Sasa, kuhusu huyu mwenyekiti mwenyewe."

Na akaanza. Bosi wangu alipita nyuma ya kioo, akanitazama, akatazama saa ukutani. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba namalizia. Nikabana simu kwa bega, nikachukua chupa iliyofuata, nikaendelea kupima huku baba anaendelea, na sikuona dalili yoyote kwamba atamaliza leo.